Doa Chini ya Mwarobaini

Oili ya difu ina harufu yake, rafiki yangu, na ukishaizoea huwezi kuichanganya na nyingine. Inanuka yai viza na kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Wiki iliyopita ilinifuata tangu Handeni mpaka Korogwe, nikiwa nimepakia mahindi kwenye pikapu ya marehemu babu, na kila nilipopunguza mwendo iliingia dirishani ikakaa nami mbele.

Nilijua kinachovuja. Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, na nyuma yake lina kava linalofungwa kwa bolti kumi. Kati ya kava na difu kuna gasketi, karatasi nyembamba ya kuzuia oili isitoke. Hiyo ndiyo iliyokuwa imechoka. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikidondosha tone moja moja, nami nikajifanya sioni. Mimi ni mtu wa haraka, nakiri. Nanunua mahindi Kang'ata na Kwamsisi, nayapeleka Korogwe, na siku zote kuna mtu ananisubiri mahali akinung'unika. Lakini siku hiyo matone yaliungana yakawa mchirizi. Difu likikauka meno yake yanasagana, na vipuri vya gari lenye umri ule huvipati dukani hata ukilia. Nilipofika Kwamndolwa, pembeni mwa Korogwe, nikaogopa kuendelea, nikaegesha chini ya mwarobaini, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wa mama yangu. Ni mtu mzima sasa, mume wake ameshafariki, watoto wake wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Kila nikipita pale huwa nasimama kidogo, napiga honi mara mbili. Akitoka, nampa mfuko wa unga au kunde kupitia dirishani, namwambia, "Shikamoo mama mdogo, nimechelewa, nitapita nikirudi," na nikirudi sipiti. Asipotoka upesi, naondoka. Jioni ananipigia simu: "Nimeona ulipita." Basi. Halalamiki wala haulizi.

Safari hii nilishuka, kwa kuwa sikuwa na ujanja mwingine. Nikampigia fundi wangu, naye alikuwa msibani, harudi mpaka kesho kutwa. Nikasema nitalifungua mwenyewe. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, akacheka mpaka akashika kizingiti.

"Si ulifundishwa ukiwa darasa la tatu?" akasema.

Ndiyo, nilifundishwa. Na nilipolala chali chini ya gari lile, tone la oili likanidondokea shavuni, akili yote ikarudi Kang'ata.

Wazazi wangu walikuwa na kazi Tanga mjini, nikaachwa huko kwa babu na bibi nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Mgongo nilioujua mimi ni wa mama mdogo, binti yao wa mwisho. Alinibeba kwa kanga nyekundu yenye picha za korosho, na kwenye pindo moja la kanga ile kulikuwa na tundu dogo lililochomwa na pasi ya mkaa. Nilikuwa nachomeka kidole kwenye tundu lile ndipo usingizi unipate. Asipokuwepo, nililala kwa taabu.

Asubuhi za pale zilianza kwa sauti ya ufagio. Bibi alifagia uwanja kabla jua halijatoka, akiuacha na mistari iliyonyooka, na ole wako uikanyage kabla hajamaliza. Kisha moto, moshi wa kuni mbichi, uji wa mahindi uliotiwa ndimu. Mchana tulikula bada, yule ugali mweusi wa muhogo unaoteleza kooni, na kisamvu kilichotwangwa kikatiwa tui la karanga. Nimekula hoteli nyingi tangu wakati ule, lakini kisamvu cha namna ile sijakiona.

Babu alikuwa na pikapu, na Kang'ata nzima ilikuwa na pikapu hiyo moja tu. Ilibeba mahindi, ikabeba wagonjwa, ikabeba bibi harusi na makabati yake. Ilivuja difu tangu nilipopata akili. Babu alishabadilisha gasketi mara mbili, ikavuja tena, akasema basi, hiyo ndiyo tabia yake. Kazi yangu ilikuwa kopo. Jioni, gari likirudi, nilisukuma kopo chini ya difu. Asubuhi nililitoa, babu akachuja ile oili kwa kitambaa na kuirudisha ilikotoka. Matone yaliyokosea kopo niliyafunika kwa majivu kabla bibi hajayaona, na mara nyingi nilichelewa.

"Gari lako linatema uwanjani kwangu," bibi alimwambia babu kila siku ya Mungu.

"Limezeeka, mama. Lisamehe."

Nilipokuwa darasa la pili mama mdogo aliolewa, na hapo ndipo nyumba yetu ilipoharibika. Alikuwa amekwenda Korogwe kujifunza kushona. Huko akampata kijana fundi seremala, mpole, mjukuu wa watu waliokuja zamani kutoka mbali kukata mkonge. Kijana huyo alikuwa Mkristo. Wakaenda kufunga ndoa bomani bila kumngoja babu akubali. Habari zilipofika, babu alisimama uwanjani mbele ya bibi, jirani yetu, na mwalimu wa madrasa, akainua mkono.

"Wallahi, mguu wangu hautakanyaga kwake, mkono wangu hautamwandikia, na mdomo wangu hautamtaja."

Mwalimu wa madrasa alijaribu kusema neno, babu akamgeuzia mgongo. Tangu siku ile jina la mama mdogo halikusikika tena nyumbani. Nilipomuuliza bibi anarudi lini, aliniwekea kidole mdomoni. Nilimlilia mama mdogo mwezi mzima. Nililia chooni, ili nisionekane namlilia mtu aliyekatazwa.

Lazima nikuambie babu alikuwa mtu wa namna gani, usije ukamwona mkatili. Alikuwa mtu wa neno lake kupita kiasi. Akisema nitakuja saa nne, saa nne alikuwa mlangoni kwako hata mvua ya mawe inyeshe. Watu walimwamini kwa hilo. Nadhani ndilo lililomfunga, maana angevunja kiapo kimoja asingejua tena yeye ni nani.

Likizo moja alinichukua kwenda naye Korogwe kupeleka mahindi. Nilikaa mbele, miguu haigusi chini, madirisha wazi, vumbi likiingia na kutoka. Tulipita mashamba ya mkonge, mistari na mistari, ukiitazama dirishani inazunguka. Tukashusha mzigo, babu akaninunulia machungwa, kisha badala ya kushika njia ya nyumbani akakata kona, akaenda mpaka mahali pa nyumba chache na mashamba ya mpunga, akasimama chini ya mwarobaini. Akazima injini.

"Hatushuki, babu?"

"Gari linapumzika."

Akatoa kisu, akamenya chungwa polepole mno, ganda moja refu bila kukatika. Alikuwa anatazama nyumba moja ya ng'ambo, mlango umefungwa, hakuna mtu. Alikula pande la kwanza, akatafuna kwa muda mrefu. Nilichoka kukaa. Akaona.

"Shuka ukatazame tairi za nyuma."

Nikashuka. Tairi zilikuwa nzima. Lakini chini ya difu, pale tone jipya lilipokuwa linaanguka, ardhi ilikuwa na doa kubwa upana wa ungo. Lilikuwa doa juu ya doa, mengine mabichi, mengine yamefunikwa na vumbi la wiki nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa nafunika madoa yale kila asubuhi nyumbani, nisingeweza kuyakosea. Gari letu lilikuwa limesimama hapa mara nyingi sana.

Nikainua kichwa. Mbele ya ile nyumba kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba kanga nyekundu yenye korosho. Nilivuka barabara mbio, nikaikamata pindo, nikatafuta mpaka nikalipata tundu, nikachomeka kidole. Kilikuwa kimenenepa, hakikuingia chote. Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Honi ililia mara moja, kwa upole, nikarudi.

"Tairi zikoje?"

"Nzima, babu."

"Alhamdulillahi," akasema, akawasha gari.

Njia nzima hakuniambia nisiseme. Nami sikusema. Nilifurahi mpaka nikaogopa, kwa sababu sasa nilikuwa na siri ya mtu mzima tumboni, na siri ile ilikuwa ikidondosha oili kila mahali.

Ubaya ulikuja kwa mzaha wa jirani. Jirani yetu aliwahi kuendesha matrekta kwenye shamba la mkonge, mtu wa maneno mengi, mkono wake haukutulia bila spana. Alasiri moja tulikuwa wote uwanjani tunapukuchua mahindi, akaanza kumtania babu.

"Mzee wangu, wewe huwezi kuwa na nyumba ndogo. Gari lako likisimama mahali linapiga muhuri. Nikienda Korogwe nitafuata matone nijue unakula kwa nani."

Watu wakacheka, babu naye akacheka. Mimi niliacha kupukuchua. Akilini nikamwona jirani amesimama chini ya mwarobaini, anatazama doa, anatazama kanga kwenye kamba. Nikaona babu anaitwa msikitini mbele ya watu, anaambiwa uliapa, mbona unakwenda kukaa mlangoni kwake? Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba hakukuwa na mtu wa kumfanyia hivyo. Nilijua tu kwamba doa lile litamuumbua babu yangu, na ni mimi pekee ninayelijua.

Wiki iliyofuata babu alishikwa na homa, akalala ndani siku mbili. Nikakimbilia kwa jirani. Nilimwambia tumzibie babu difu, akipona akute limepona pia. Alinitazama, akafurahi, maana alikuwa ametamani kulifungua gari lile miaka mingi na babu hakumpa nafasi.

"Sawa. Lakini utafanya kazi. Sitaki mtu wa kunishikia spana tu."

Basi nikafanya. Tuliweka jeki, na chini ya ekseli tukaweka magogo mawili ya mti mgumu, maana jirani hakuliamini jeki la mtu yeyote. Akanionyesha kulegeza bolti ya juu mwishoni, ili kava lisianguke na oili yote ikatumwagikia. Oili ikatoka nyeusi, nzito, ikajaa kopo na karai. Kisha akanipa kisu butu nikwangue gasketi ya zamani mpaka chuma king'ae, kila kipande, hata kile kidogo kilichojificha kwenye kona. "Ukiacha punje moja tu," akaniambia, "itatoka kwa njia ya punje hiyo."

Gasketi mpya tuliikata kwenye boksi la sabuni. Unalaza karatasi ngumu juu ya kava, unagonga pembezoni kwa nyundo ndogo, taratibu, ukifuata ukingo, na chuma chenyewe kinakukatia. Nilizungusha kazi ile mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho, matundu yote kumi, ulimi nje. Nikaipaka grisi. Tukafunga bolti kwa kuvuka, moja huku, nyingine ng'ambo, ili kava likae sawa.

Nilidhani tumemaliza, jirani akaniambia bado. Akapapasa juu ya ekseli, akapata kikofia kidogo chenye tundu. Difu likipata joto, alisema, hewa ya ndani inatanuka, na tundu lile ndipo linapopumulia. Nyigu alikuwa amejenga pale, ameliziba kwa udongo mgumu.

"Unaona? Ndiyo maana gasketi za babu yako hazikudumu. Halikuwa na pa kutolea pumzi, likawa linatokea pembeni."

Nikauchokoa ule udongo kwa kijiti cha ufagio. Asubuhi yake kopo lilikuwa kavu kabisa.

Babu alipotoka ndani, bado amejifunika shuka, nilimwita akaone. Nilikuwa naruka ruka. Alichuchumaa, akalitazama kopo, akapitisha kidole chini ya kava, akakitazama kidole.

"Nani kafanya?"

"Mimi na jirani, babu."

"Kazi nzuri," akasema. Akanishika kichwa. Akaenda kumshukuru jirani kama inavyopasa, akarudi, akalala tena ingawa homa ilikuwa imeisha. Na bibi, aliyeisema oili ile kila siku, alisimama kwenye uwanja wake safi, ufagio mkononi, asiseme chochote. Leo nikikumbuka, bibi alilalamika miaka mingi, lakini sikuwahi kumsikia akisema lizibwe.

Nilikwenda Korogwe na babu mara moja tena baada ya hapo. Tukasimama chini ya mwarobaini. Alimenya chungwa lakini hakulila. Akavuta kutoka chini ya kiti kopo la oili ya akiba alilosafiri nalo siku zote, akaliweka magotini, mikono yote miwili juu ya kifuniko. Dirisha lilikuwa wazi. Alitazama ardhi, akatazama nyumba, akatazama kopo. Mwishowe akalirudisha chini ya kiti, tukaondoka.

Nilielewa nilipokuwa mkubwa. Alikuwa ameapa kwa mguu, kwa mkono, na kwa mdomo. Gari hakuliapia. Likivuja lenyewe ni shauri la gari. Lakini akimwaga yeye, huo ni mkono wake, na mkono wake umemwandikia. Utacheka, nami nimecheka, lakini mtu aliyeishi kwa neno lake hawezi kuiba hata tone kwenye neno hilo.

Miezi miwili ikapita. Halafu, asubuhi moja ya kiangazi, tukasikia kilio njiani.

Unajua desturi yetu. Mwanamke anayekwenda msibani huanza kulia akiwa bado njiani, ili wenye msiba wamsikie anakuja. Kilio kile kilikuwa cha namna hiyo, cha juu, cha kuita. Kikakata kona ya mihogo, kikaingia uwanjani, na mbele yetu akasimama mama mdogo, kanga imefungwa kiunoni, mtoto mchanga mgongoni kwenye ile nyekundu ya korosho, miguu myeupe kwa vumbi. "Babaa! Baba yangu weee!"

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, anapukuchua mahindi.

Kilio kilikatika. Walitazamana. Punje zilikuwa zinamdondoka babu mkononi moja moja.

"Nani kafa?" babu akauliza.

"Wewe, baba."

"Mimi?"

"Miezi miwili pamekauka," mama mdogo akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. "Naamka natazama, pakavu. Nikitoka shamba natazama, pakavu. Nikasema baba amekufa, wamemzika, na hakuna wa kuniambia kwa sababu sitajwi."

Hakuna aliyeelewa ila sisi wachache. Jirani yetu alikuwa ameshafika, akitweta, jembe begani, tayari kwenda kuchimba kaburi. Alisikia neno lile, akatazama mikono yake, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze. Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, maana kilio kile kilikuwa kimesikika mbali. Wanawake walikuja na sufuria, kuni, na ndoo za maji vichwani, wanaume na mikeka, wengine wakilia tayari. Waliingia wakamkuta marehemu amekaa na gunzi mkononi.

Bibi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye mistari ya uwanja wake, na akiwa chini akamvuta mama mdogo kwa pindo la kanga, akampakata yeye na mtoto wake, na kicheko kikageuka kilio cha kweli. Nami nilikuwa nimeshamkumbatia shingoni, sijui nilifikaje. Alinukia vilevile, sabuni ya mche na moshi.

Babu hakusogea. Ulimi ulikuwa umefungwa. Niliona mdomo unacheza na jina halitoki, mtu mzima, mbele ya kijiji. Nakuambia, hilo ndilo jambo la kuhuzunisha kuliko yote niliyoyaona utotoni.

Mwalimu wa madrasa aliweka mkeka wake chini taratibu.

"Mzee," akasema, "siku ile ulinigeuzia mgongo sijamaliza. Nilitaka kukuambia kwamba kiapo kina kafara. Unalisha maskini kumi, kimekwisha."

"Maskini kumi nitawatoa wapi asubuhi hii?"

Mwalimu akageuka akatutazama uwanja mzima, kwa utulivu, mmoja mmoja. "Hapa Kang'ata? Mimi namba moja."

"Na mimi namba mbili," jirani akadakia, bado kashika jembe.

Sufuria zilikuwa zimeshakuja, kuni zimeshakuja, maji yameshakuja. Bibi akafuta uso, akaamuru moto uwashwe. Walipikwa kuku wote waliopatikana, wali, na kisamvu, na waliokuja kuzika wakala mpaka wakalegea. Mwalimu alihesabu sahani kwa sauti. Ilipofika ya kumi, babu aliweka tonge chini, akamtaja mama mdogo kwa jina lake lote, jina alilompa yeye mwenyewe siku ya saba ya kuzaliwa kwake. Alimwita tu, kama mtu anayemwita binti yake alete maji. Naye akaitika, "Abee, baba," akaenda kuyaleta maji.

Nilimwungamia babu jioni yake kuhusu doa na kwa nini nilitaka lizibwe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulitaka kunificha," akasema. "Basi mbona umenifichua?" Akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Safari iliyofuata tulikwenda wote watatu, bibi katikati. Chini ya mwarobaini babu alizima injini, akafungua mlango, akashusha mguu wa kulia, akausimamisha kidogo kwenye lile doa la zamani, kisha akavuka barabara. Mume wa mama mdogo alikuwa mlangoni na kiti alichokitengeneza mwenyewe. Sikumbuki walisema nini. Nakumbuka kiti kilikuwa bado kinanuka mbao mpya.

Hayo yote yalinipitia nikiwa chali Kwamndolwa, nikikwangua. Gasketi niliikata kwenye boksi la sabuni alilonipa mama mdogo, nikagonga taratibu ukingoni, ulimi nje bila kujijua. Nilipopapasa juu ya ekseli nikakuta kikofia kimezibwa na udongo wa nyigu. Sijui ni kilembwe wa yule wa kwanza. Nikamtoa kwa kijiti.

Nilijaza oili mpya, nikataka ikae mpaka asubuhi nione kama itashika, kwa hiyo nililala pale. Nilikuwa sijalala kwa mama mdogo tangu mazishi ya mumewe. Alipika bada. Tulikula kwa mkono kwenye sahani moja, akanisimulia kwamba siku hizi kuna watoto mtaani hawajui bada ni nini, na kwamba mkonge uliokuwa ukionekana toka pale umekwisha kung'olewa, na kati ya wale wapukuchuaji wa uwanja wa Kang'ata tumebaki yeye na mimi tu. Nilijua yote hayo. Nilikuwa sijakaa chini nikayasikia.

"Nikuulize," nikamwambia. "Nikipita na usipokuwepo, huwa unajuaje?"

Alinitazama kama ananionea huruma.

"Gari lilikauka miaka yote aliyobaki baba. Alipokufa, likaja kwako. Siku moja natoka shamba, naona doa pale chini ya mwarobaini. Nikasema, haya, tumerudi kulekule."

Nilikuwa nimeona aibu ndogo ndogo maishani, lakini ile ilikaa vizuri kifuani. Babu alikuwa na kiapo. Mimi nilikuwa na nini? Magunia ya mahindi.

Hakuna anayesoma ardhi siku hizi. Uwanja wa bibi umeota majani, hakuna mistari ya ufagio ya kukanyaga. Barabara nyingi zimewekwa lami, tone likianguka tairi inayofuata inalifuta. Mtu akitaka kujua kama unamkumbuka anatazama simu, na simu husema umeonekana saa fulani, basi. Sidhani wakati ule ulikuwa bora, nisikudanganye, maana ulikuwa na viapo vya ajabu na mtoto anayelilia chooni. Lakini mtu aliyekupenda ilikuwa lazima asimame mahali, na mahali hapo palibaki na alama.

Asubuhi niliwahi kuamka, ndiyo tabia yangu. Nikawasha gari, likaunguruma vizuri, mteja wa mahindi alikuwa ameshanipigia mara mbili. Mama mdogo alikuwa jikoni. Nikapiga honi mara mbili, kwa mazoea tu, nikasogea mbele hatua chache. Akatoka, akavuka barabara kwa mwendo wake wa sasa wa polepole, akafika pale gari lilipokuwa limelala. Akashika goti, akainama, akaweka kiganja chini, akakitazama.

"Pakavu," akasema. Akaja mpaka dirishani. "Sasa itabidi uwe unashuka."

Nikazima injini. Chai alikuwa ameshamimina vikombe viwili.